Kabla ya kumwandikisha mtoto shule ya msingi ya Kikatoliki, omba ratiba

Wazazi wakijua kwamba wanangu wamesoma shule za msingi za Kikatoliki, huniuliza kwanza kuhusu nidhamu, kisha kuhusu matokeo ya mitihani. Mimi huwaambia waende ofisini wakaombe ratiba ya vipindi ya wiki nzima, ya darasa lile lile atakaloingia mtoto, wakae nayo chini waisome polepole. Kipeperushi cha shule kitakuonyesha kapela na watoto waliovaa sare zilizonyooshwa. Ratiba ndiyo itakayokuambia mtoto atashinda akifanya nini.

Itazame ukiwa na swali moja: Misa inakula kipindi gani? Shule nyingi za aina hii huwa na Misa ya wanafunzi mara moja kwa wiki au kwa mwezi, na ni jambo zuri, ndiyo maana tumezichagua. Lakini Misa ikiwa kila mara siku moja, saa ile ile, na saa hiyo ni ya hesabu au ya kusoma, basi kufikia mwisho wa mwaka darasa hilo limepoteza vipindi vingi vya somo moja, na hakuna atakayekuja kukueleza. Shule iliyojipanga hupunguza dakika chache katika kila kipindi siku ya Misa, au huhamisha siku kwa zamu. Nikiuliza hili, mwalimu wa taaluma mzuri hufungua jedwali lake papo hapo. Asiyekuwa na mpango hunijibu kwamba ibada haina hasara. Kweli haina, ila kugawanya kwa desimali nako hakujifundishi.

Usiogope kuonekana huna imani kwa kuuliza maswali kama haya. Sheria ya Kanisa yenyewe iko upande wako. Kanuni ya 806 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inawataka wakuu wa shule za Kikatoliki wahakikishe kiwango cha elimu wanayoitoa walau kinalingana na cha shule nyingine za eneo lao. Kwa hiyo mzazi anayedai masomo mazito anawakumbusha wajibu wao, haendi kinyume na roho ya shule.

Jambo la pili ni kujua shule ni ya nani. Kuna shule za parokia, za jimbo, na za mashirika ya kitawa, nazo hazifanani. Ya parokia mara nyingi hutegemea sana paroko; akihamishwa, mambo mengi hubadilika. Za mashirika huja na desturi za mwanzilishi wao. Kwa Walasalle, wanaofuata njia ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, utasikia sala ikianza kwa kukumbushana kwamba tupo mbele ya Mungu. Kwa Wasalesiani, mwanzilishi wao Don Bosco alishawaachia maneno matatu ya kulea watoto: akili, dini na upendo. Mjue mwanzilishi, kisha uwaulize walimu wa kawaida, wasio watawa, wanamfahamu kiasi gani. Hao ndio wengi siku hizi, na ndio watakaokaa na mtoto wako kuanzia asubuhi. Ikiwa desturi inaishi kwa sista mmoja mzee tu, itaondoka naye. Na kama shule haina mwenyewe unayeweza kumtambua, jihadhari: kanuni ya 803 hairuhusu shule yoyote kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa.

Majengo nayatazama haraka. Vyoo kwanza, tena vya wanafunzi wadogo, wakati wa mapumziko na si asubuhi vikiwa vimetoka kuoshwa. Kisha maktaba. Ombeni kitabu kimoja cha hadithi mkifungue. Kama kurasa zake bado zimeshikana, maktaba hiyo ni ya wageni. Kapela nayo naipima hivyo hivyo: mtoto anaweza kuingia peke yake dakika mbili wakati wa mapumziko, au mlango una kufuli hadi siku ya Misa?

Sasa mila, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapokurupushwa. Mwaka wa shule ya Kikatoliki una kalenda mbili zinazokwenda pamoja, ya masomo na ya liturujia, yaani ya ibada za Kanisa, na ya pili haikai mahali pamoja. Pasaka huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na Jumatano ya Majivu, inayofungua mfungo wa Kwaresima, husogea pamoja nayo. Kuna mwaka Njia ya Msalaba, ile ibada ya kila Ijumaa ya Kwaresima, huangukia katikati ya majaribio, na mwaka mwingine haigusi kitu. Oktoba ni rozari, Mei ni mwezi wa Bikira Maria, halafu kuna Majilio, majira ya kuingoja Krismasi, na sikukuu ya msimamizi wa shule, ambayo kwa watoto ni kubwa kuliko zote. Chukua kalenda zote mbili mapema, uzibandike pamoja. Utajua lini mtoto atahitaji nguo nyeupe, lini atarudi amechoka na kwaya, na lini usimpangie safari.

Michango ya Kwaresima ina kanuni moja nyumbani kwetu: mtoto atoe kilicho chake. Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, lilijengwa juu ya wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao. Ukimpa mtoto noti asubuhi akaitumbukize kwenye sanduku, umechanga wewe. Akiacha peremende wiki nzima, hata sarafu zake chache zina jina lake. Na kama shule inatangaza mbele ya wote nani ametoa kiasi gani, mwendee mwalimu mkuu faragha, kwa heshima, umwombe waache.

Komunyo ya Kwanza inahitaji maelezo zaidi. Tangu mwaka 1910, Papa Pius X alipotoa hati ya Quam singulari, watoto hukaribishwa wakishafikia umri wa kutumia akili, yaani karibu miaka 7. Katika mazoea, wengi hupokea wakiwa darasa la pili au la tatu, au baadaye kidogo. Shule hufundisha katekisimu, ila usidhani kazi imeishia huko: wajibu wa kwanza wa kumwandaa mtoto ni wa wazazi, paroko naye ana sehemu yake. Uliza mapema kama maandalizi ya shule yanatambuliwa na parokia yenu, kwa sababu nimeona familia zikiambiwa dakika za mwisho kwamba mtoto anatakiwa kuanza upya. Alama mia ya dini kwenye ripoti isikudanganye pia. Mtoto anaweza kutaja sakramenti zote saba bila kukosea na bado haogopi kumsukuma mwenzake kwenye foleni ya chakula.

Kwa rafiki zangu wasio Wakatoliki wanaopenda shule hizi, nawashauri waongee na mwalimu wa darasa kabla ya Misa ya kwanza. Watoto wote huhudhuria, ila asiye Mkatoliki hapokei Komunyo. Mahali pengi hubaki kwenye benchi au husogea mbele amekunja mikono kifuani apewe baraka. Mweleze mtoto hilo nyumbani, kwa utulivu, umfanyishe na mazoezi kidogo. Na umwombe mwalimu asiwakalishe wote wasiopokea benchi moja la nyuma.