Maswali yenu ya Kihispania: menudo, dichoso na kinaya

*Nilikuwa na mgeni wa Madrid hapa Moshi. Mawingu yalipofunguka akauona mlima, akasema "¡Menuda montaña!" Kamusi yangu inasema menudo ni "dogo". Ametudharau?* (Mpagazi, Marangu)

Ameusifu. Kamusi haijakosea, ila wewe umesoma mstari wa kwanza ukaifunga. Menudo likikaa nyuma ya nomino ni dogo kweli: una montaña menuda ni kilima tu. Likitangulia, bila un wala una, kwa sauti ya mshangao, maana inapinduka: huo mlima si mchezo! Na mita 5,895 si mchezo. Vivyo hivyo ¡menudo lío! ni balaa kubwa, na ¡menudo amigo! mara nyingi ni kinaya: rafiki gani huyo! Hapa ndipo tunapojikwaa, kwa sababu Kiswahili kina "mlima mdogo", hakina "mdogo mlima". Sikio letu halikuzoea kwamba kivumishi kikihama kiti huhama na maana. Ndiyo maana nawaomba mkariri sentensi nzima, msikariri neno moja moja. Halafu upatanisho: menudo lío, menuda montaña, menudas vacaciones. "Menudo montaña" sitaki kuisikia tena, nimeshaisahihisha mara nyingi mno.

*Mgeni wa Mexico anasema kwao alikula menudo. Alikula kidogo?*

Alikula supu ya utumbo.

*Dichoso si "mwenye heri"? Nilimwambia mama mmoja "su dichoso hijo" nikimsifia mwanawe, akanuna.* (Muongoza watalii, Arusha)

Alikuwa na haki ya kununa. Un hombre dichoso ni mtu mwenye furaha, sawa. Lakini katika mazungumzo ya kawaida, ukilitanguliza mbele ya nomino unaonyesha umechoshwa na kitu hicho: ¿dónde están las dichosas llaves?, yaani hizi funguo zinazonisumbua ziko wapi? Wewe ulimwambia mama wa watu kwamba mwanawe ni kero. Mtafute umwombe radhi kabla hajaondoka. Kinaya kwa mzazi wa mtu, katika lugha unayojifunza, usikijaribu kabisa.

*Mwalimu, tutumie orodha ya maneno 100 ya Kihispania kwenye WhatsApp.*

Situmi. Orodha ndiyo iliyomponza huyo wa Arusha.

*Wageni wa Argentina nao niwaambie menudo?*

Watakuelewa, lakini matumizi haya ni ya Hispania zaidi. Qué haina mwenyewe: ¡qué montaña!, ¡qué lío!, toka Sevilla hadi Buenos Aires. Anayeanza aanze na hiyo, menudo aisikilize kwanza kwa wenyewe msimu mzima. Na mnaopeleka wageni Tarangire, tafadhalini: vumbi likiwajaa kwenye gari msiseme "¡menudo polvo!" Mhispania atasikia mambo ya chumbani. Semeni ¡cuánto polvo!, kisha fungeni madirisha.