Jibu: Historia ya manowari Lindi

Ndugu, umeuliza kama Lindi ina historia ya manowari na pa kuanzia kuitafiti. Ipo, tena nzito: Oktoba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mabaharia wa manowari ya Uingereza, Chatham, waliipekua meli ya Kijerumani Präsident, iliyofichwa katika mto Lukuledi, wakapata nyaraka za shehena ya makaa ya mawe zilizowaelekeza kwenye delta ya Rufiji, ilikojificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Inaniuma kwamba vijana wetu wanauvuka mto ule bila kulijua hilo. Anza na wazee wa Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, uwarekodi wakisimulia waliyorithi kwa babu zao, kisha uyalinganishe na nyaraka za Kumbukumbu za Taifa. Ukikuta chuma majini, usiking'oe. Kipige picha na umtaarifu afisa utamaduni.