Krismasi Moshi ukitokea Munich: hizo tiketi mbili achana nazo

Dada, umeuliza kama ununue tiketi mbili tofauti badala ya moja ili uende na watoto Krismasi nyumbani, na theluji ya Munich inakuwaje: usinunue. Najua euro 400 unazookoa si hela ndogo, hasa ukiwa na watoto wawili na ukoo mzima unaosubiri zawadi. Ila angalia ulivyoeleza mwenyewe: Munich–Istanbul kwa tiketi moja, Istanbul–KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwa tiketi nyingine, saa tatu katikati, tarehe 23 Desemba. Umerundika kila kinachoweza kuharibika kwenye siku moja.

Mimi ni mtu wa Rombo, naishi Bavaria, jimbo la Munich, miaka mingi, na Krismasi naila nyumbani kila nauli inaporuhusu. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu waliokujibu kabla yangu wamekutisha na theluji tu, na theluji peke yake siyo inayowalaza watu uwanjani siku tatu.

Kinachowalaza ni viti. Ndege ikifutwa mwezi wa pili, kesho yake kuna nyingine yenye nafasi, mnahamishiwa, yamekwisha. Wiki ya Krismasi ndege ya kesho imejaa, ya keshokutwa imejaa, ya tarehe 26 ina viti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Abiria wote wa ndege iliyofutwa wanapachikwa mmoja mmoja kwenye nafasi zilizobaki. Mtu aliye peke yake anaondoka mapema. Mama na watoto wawili wanahitaji viti vitatu kwenye ndege moja, ndio wanaobaki mwisho. Tazama Marekani Desemba 2022: Southwest Airlines ilifuta ndege zaidi ya 16,000 kwa siku chache tu. Dhoruba ilipita, mashirika mengine yakarudi kazini, lakini Southwest mfumo wao wa kupanga marubani na wahudumu ulikuwa umeshapoteza hesabu ya nani yuko mji gani, na abiria hawakuwa na pa kuhamia kwa sababu nchi nzima ilikuwa safarini. Mwaka uliofuata serikali ikawapiga faini ya dola milioni 140.

Kwa hiyo tiketi ya Desemba, kabla hujaangalia bei, jiulize: hii ikifutwa, nani ana wajibu wa kunifikisha KIA, na ana ndege ngapi za kunipandisha?

Kwa tiketi zako mbili jibu ni hakuna. Shirika la kwanza limeahidi kukufikisha Istanbul, basi. Ukichelewa, ahadi yake imetimia hata kama umefika usiku wa manane. Shirika la pili halijui habari zako. Kwenye kompyuta yao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na mara nyingi ukishaandikwa hivyo hata safari ya kurudi inafutwa. Tena kuna mizigo. Mabegi hayaendi moja kwa moja, unayachukua Istanbul mwenyewe, maana yake unapita uhamiaji, unaingia Uturuki, unatoka nje, unapanga foleni upya kwenye kaunta. Kwa pasipoti yako ya Tanzania hilo ni suala la viza kabla halijawa suala la muda. Saa tatu haziwezi kubeba yote hayo, hata siku jua linawaka.

Ukinunua hiyo hiyo Munich–KIA kwa tiketi moja, hata ikipita Istanbul ile ile, begi linapewa lebo ya KIA na ahadi inakuwa ya KIA. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, huo ni mzigo wao.

Sasa haki zako, maana hapa ndipo watu wetu wanapoachia hela na haki kwa pamoja. Kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004. Inakulinda kwenye ndege yoyote inayoondoka uwanja wa Ulaya, iwe ya Wajerumani, Waturuki, Wahabeshi au Waarabu. Kurudi kutoka KIA ni tofauti: inakulinda tu kama shirika linaloruka ni la Ulaya. Kwangu hicho ni kitu cha kuweka kwenye mizani, maana Januari mnarudi kwenye baridi ile ile.

Ndege ikifutwa, anayechagua ni wewe: urudishiwe hela au upelekwe uendako mapema iwezekanavyo. Wakati unasubiri wanakupa chakula, na ikibidi kulala wanakulipia hoteli na usafiri wa kwenda huko. Hapo usikubali kuambiwa "ni theluji, si kosa letu". Theluji inawaondolea fidia ya taslimu, ambayo kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 kama yenu ni euro 600 kwa kila abiria, mtoto mwenye kiti naye anahesabiwa. Chakula na hoteli haiwaondolei. Foleni ikiwa ndefu na hakuna anayekusikiliza, nunua chakula cha kawaida, tafuta hoteli ya kawaida, tunza risiti, utadai. Nimesema ya kawaida.

Na hili lishike sana: usibonyeze "rudishiwa hela". Mwaka mmoja tulifutiwa jioni, nje barafu tupu. Ujumbe ukaingia kwenye simu zetu wote kwa mpigo, kitufe cha kurudishiwa hela kikubwa juu, cha kubadilishiwa safari kidogo chini. Jamaa mmoja Mkenya tuliyekuwa naye foleni akabonyeza cha juu, akiamini atajinunulia nyingine. Alipofungua kutafuta, nauli ya kesho yake ilikuwa kama mara tatu ya ile aliyorudishiwa, na shirika halikuwa tena na deni naye. Ukichukua hela, mkataba umekwisha. Mimi nilikaa sakafuni na simu nikatafuta mwenyewe ndege zenye nafasi, za mashirika mengine pia, nikafika kaunta na namba ya ndege mkononi: kuna hii ya kupitia Addis, inaondoka Frankfurt kesho usiku, ina viti. Yule dada wa kaunta alikuwa hoi, wamemtukana tangu mchana. Akaandika namba, akapiga simu, nikapata, na treni ya kwenda Frankfurt wakailipa. Sheria inasema wakufikishe mapema iwezekanavyo kwa hali inayolingana. Haisemi lazima iwe kwa ndege yao. Ila wao hawatakutafutia ya jirani kama hujaitaja. Na salimia kwanza kabla ya kudai.

Turudi kwenye theluji, kwa sababu umeuliza inakuwaje. Tarehe 2 Desemba 2023 uwanja wa Munich ulifungwa mpaka asubuhi ya pili yake, ndege kama 760 zikafutwa. Kilichowamaliza watu ni kwamba stesheni kuu ya Munich nayo ilisimama siku hiyo hiyo, hivyo wazo la "nitachukua treni niende Frankfurt" halikuwepo. Wengine walilala ndani ya mabehewa. Siku kama hiyo hakuna ujanja. Lakini siku kama hizo ni chache, na kwa kawaida theluji ya Munich utakayoiona ni ya kuchelewesha dakika arobaini, saa moja na nusu.

Hayo machelewesho yanatoka wapi? Bawa likiwa na barafu, hata nyembamba, umbo lake linabadilika na haliinui ndege inavyotakiwa, kwa hiyo rubani haruhusiwi kuondoka nayo. Ndege inapelekwa sehemu maalumu, magari yenye mikono mirefu yanaimwagia mchanganyiko uliopashwa moto wa maji na glaikoli (kemikali ya kuzuia kuganda) kuiyeyusha barafu, kisha ikihitajika dawa nyingine nzito inayozuia mpya isigande. Ile ya pili ina muda wake. Ukiisha kabla hamjaruka, mnarudi kuoshwa tena. Waambie watoto mapema, maana wakiona ndege inamwagiwa vitu vya rangi dirishani wataanza maswali. Wakati huo saa za kazi za marubani nazo zinahesabiwa, na wakizimaliza wakiwa bado chini, safari inafutwa hata kama anga imeshatakata. Mvua inayoganda ndiyo mbaya kuliko theluji, kwa sababu dawa haiishindi. Frankfurt tarehe 17 Januari 2024 walifikia mahali hata kuziosha ndege wakaacha.

Kutokana na hayo, mimi huchukua ndege ya asubuhi kutoka Munich. Ni kweli foleni ya kuosha huwa ndefu asubuhi kwa sababu ndege zimelala nje, lakini ukikwama saa moja asubuhi una siku nzima ya kupangiwa nyingine. Ukikwama saa mbili usiku, una sakafu.

Tarehe sasa. Ushauri wa kila mtu ni "ondoka tarehe 17", na ungekuwa mzuri kama mtoto wako mkubwa asingekuwa shuleni. Bavaria likizo inaanza karibu na Krismasi yenyewe na hawana mzaha na mtoto kukosa shule kabla ya likizo. Mwaka 2018 polisi walisimama uwanja wa Memmingen wakizibaini familia zilizowatoa watoto shuleni mapema, na faini ipo. Shule huruhusu kwa msiba au jambo zito la familia, na "nauli ni nafuu" si jambo zito. Kama kuna kipaimara au harusi ya ndugu wa karibu tarehe fulani, andika barua kwa mwalimu mkuu mapema. Kama hakuna, fikiria kuondoka tarehe 25 yenyewe. Bei hushuka siku hiyo kwa sababu kila mtu anataka kuwa ameshafika. Utakosa misa ya mkesha, utaikuta mbege ya tarehe 26 na watu wote bado wapo, maana Mchagga akishapanda Kilimanjaro Desemba hashuki kabla ya mwaka mpya.

Njia. KIA moja kwa moja ndiyo bora, hata ikizidi euro mia, kwa sababu ukishushwa Dar Desemba umeanza safari nyingine. Ndege za Dar–KIA zimejaa, mabasi yamejaa hata LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ikiruhusu ya ziada, na treni ya Dar–Moshi iliyorudi mwaka 2019 ni nzuri kwa mwenye subira na asiye na masanduku sita. Kupitia Amsterdam ni kuzuri kwako kwa sababu ya kibali chako cha Ujerumani: mkikwama unatoka tu kwenda hotelini, hakuna wa kukuuliza viza. Istanbul na Doha ndege ni nyingi, hilo lina maana yake, ila hali ya viza iangalie kabla, usiku wa kukwama siyo wakati wa kuanza kujifunza.

Njia ya akiba ambayo watu wanaisahau ni Nairobi. Ndege zinazoingia Nairobi ni nyingi kuliko za KIA, kwa hiyo kaunta wakikwambia KIA hakuna mpaka tarehe 27, sema Nairobi. Kutoka pale kuna yale mabasi madogo (shato) ya kupitia mpaka wa Namanga hadi Arusha na Moshi, ni mchana mmoja wa barabara. Masharti mawili: watoto wako wenye pasipoti za Ujerumani wanahitaji kibali cha kuingia Kenya kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari, wewe Mtanzania huhitaji, na ukiingia Tanzania ukitokea Kenya unatakiwa cheti cha homa ya manjano, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja. Ukipita Addis na kukwama zaidi ya saa 12 ni hivyo hivyo. Sisi tulichanjwa wote tukamaliza.

Mizigo kwa haraka. Zawadi usizifunge kwa karatasi, wakaguzi watazichana. Pawabenki kwenye begi la mkononi, si chini. Fataki acha Ujerumani. Nguo za siku mbili za watoto na dawa zao mkononi, na iwe nguo nyepesi, mnashuka kwenye joto. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, usiifungie vitu. Begi lisipotokea, usitoke ukumbini bila kuandikisha na kupewa namba, hata kama shemeji anapiga honi nje. Likifika limeharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi, likichelewa una 21 tangu ulipokabidhiwa.

Kitu cha mwisho ambacho hukuuliza. Umesema watoto walisafiri mara ya mwisho na zile pasi ndogo za watoto. Hizo hazitolewi tena tangu Januari 2024, sasa ni pasipoti kamili na inachukua wiki kadhaa, kwa hiyo kaangalie tarehe ya mwisho leo jioni. Viza zao za Tanzania, dola 50 kila mmoja, omba mtandaoni mapema kabla msongamano wa Desemba haujaanza. Na kama baba yao hasafiri nanyi, chukua barua yake ya ridhaa yenye sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho chake, polisi wa mpakani pale Munich huwa wanaiulizia, hasa majina ya ukoo yakitofautiana. Ukipata bei za tiketi moja ziweke hapa na saa za kuunganisha, nitaziangalia kesho nikitoka kazini.