Umechaguliwa mwenyekiti wa tawi? Anza na rosta

Juzi kijana mmoja wa kaunta ya abiria pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, alinipigia simu kutoka Bomang'ombe. Wenzake wamemchagua mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. "Shikamoo mzee. Watu wanataka niende nikamwambie bosi ukweli. Nianzie wapi?"

Nilicheka. Kiti hicho nilikikalia miaka mingi kwenye kampuni ya ndege hapo hapo, kabla sijastaafu na kurudi kwenye migomba yangu Kibosho, na kila anayechaguliwa hutumwa hivyo hivyo. Bosi ukweli anaujua. Kinachomkosesha usingizi ni mtu aliyekuja na karatasi.

Basi nikamwambia akusanye rosta, yaani ratiba za zamu, za miezi mitatu, aombe hati za mshahara za wenzake wachache walio tayari, akae nazo na kikokotoo. Aanze na usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi katika muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Uwanja wa ndege unaishi usiku, lakini utashangaa ni wangapi hawajawahi kuitafuta nyongeza hiyo kwenye hati yao. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 585,000, wiki ya saa 45. Gawanya kwa 195, ndizo saa zake za mwezi, unapata shilingi 3,000 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 150. Zamu ya saa nane za usiku ni 1,200. Usiku kumi na tano kwa mwezi ni 18,000. Mtu mmoja ataona ni hela ya chai na chapati. Wakiwa arobaini, ni 720,000 kila mwezi, na hapo hujagusa saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu, wala sikukuu, ambayo hulipwa mara mbili. Ukiingia kwenye kikao na hesabu hiyo, hutahitaji kupandisha sauti. Mimi sauti sina, na sijawahi kuihitaji.

Wanachama nao ni karatasi. Mtu anayekuunga mkono kwenye basi la shifti lakini hajasaini fomu ya TUF 6 ili akatwe ada, kwenye hesabu ya mwajiri hayupo. Na hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama chama kitatambuliwa, kwa sababu anayekaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ni chama ambacho wanachama wake ni zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Wapitie kwanza vijana wa rampu, wale wanaohudumia ndege pale inapoegeshwa. Wana malalamiko mengi kuliko wote na mara nyingi ndio wa mwisho kufuatwa, kwa kuwa hawavai tai.

Halafu jiandae kupandishwa cheo. Sitanii. Tawi likishaanza kusimama, barua huja: umekuwa msimamizi wa zamu, hongera, sasa huwezi tena kuwa kiongozi wa chama. Pokea cheo, nyongeza ni haki yako. Ila sehemu ya pili ya hongera hiyo mara nyingi si kweli. Sheria inaitenga menejimenti ya juu, yaani wale wanaotunga sera kwa niaba ya mwajiri na wenye mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora. Msimamizi wa zamu anayegawa redio na fulana za njano hatungi sera yoyote. Jibu kwa maandishi, kwa adabu, na uendelee na kikao chako.

Mgomo vijana huuliza kabla ya yote, nami huujibu kwa kifupi. Waongoza ndege na watu wa mawasiliano ya anga wako kwenye huduma muhimu, hawagomi. Ninyi wengine mna njia, lakini inapita kwanza kwenye usuluhishi, kisha kura, kisha notisi ya saa 48. Aliyeruka hatua hizo amempa mwajiri zawadi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mgomo ni kalenda. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa, na hata baada ya kuruhusiwa tena Mei, barua za kupunguzwa kazi zilitembea nchi nzima. Mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa notisi, kueleza sababu, na kujadiliana na chama kinachotambuliwa kuhusu nani ataondoka, lini, na kwa kiinua mgongo gani. Wengi waliona aibu, wakakaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 zinaishia kwenye misiba miwili na mahindi ya shambani. Kwa hiyo mwenyekiti uwe na daftari: jina, tarehe ya barua, tarehe ya mwisho. Mpigie mtu simu yeye akiwa bado na hasira, akipoa, hatakwenda.

Tabia hii ya karatasi niliipata kwa baba yangu mdogo, aliyekuwa fundi wa East African Airways. Jumuiya ilipovunjika 1977 na shirika likafa, alirudi Machame na sanduku la bati lenye kila barua aliyowahi kuandikiwa. Wastaafu wa Jumuiya walifuatilia haki zao miaka na miaka, na wenzake walikuwa wakija kwake kumwomba nakala, maana majina yao yalikuwa kwenye orodha alizotunza yeye.

Kwa hiyo muhtasari wa kila kikao usainiwe na pande zote mbili siku ile ile, na nakala moja ya jalada isikae uwanjani. Ya kwetu ilikaa Himo, nyumbani kwa katibu wa tawi. Tulipohamishiwa ofisi nyingine, kabati letu halikufika. Jalada lililokwenda Tume ni lile la Himo.