Mwalimu Anajibu: Milango mingi, mbao chache?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni seremala hapa Malindi, kazi yangu milango na vitanda. Kijana wangu amerudi kutoka chuo, na kila tukikaa kula huniambia kwamba uchumi utaendelea kukua huku tukitumia mbao, mafuta na madini kidogo kuliko sasa, kwa sababu mashine zinazidi kuwa bora. Mimi nimenunua msumeno wa meza na randa ya umeme. Ni kweli, ubao mmoja sasa wanitolea zaidi na maranda yamepungua. Lakini mbao ninazonunua kwa mwezi zimezidi za zamani. Nani mwenye haki, mimi au yeye?
Seremala, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu fundi. Hayo maranda yako ndiyo mambo yenyewe. Mlango mmoja unakula ubao mchache, kwa hivyo umeweza kuuza rahisi, wateja wamekuja, na mbao za mwezi zimepanda. Mwingereza mmoja, William Stanley Jevons, aliliandika hilo mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe: injini za mvuke zilipoanza kula makaa kidogo kwa kazi ile ile, watu waliziweka kila mahali, na nchi ikachoma makaa mengi kuliko mwanzo. Na dunia imekwenda hivyo hivyo. Malighafi inayochimbwa, kukatwa na kuvunwa kwa mwaka imezidi mara tatu ya ile ya 1970, na mashine za leo ndizo bora kuliko za wakati wowote.

Hata hivyo kijana wako hasemi uongo. Uingereza hiyo hiyo leo inatoa hewa ya ukaa ipatayo nusu ya ile ya 1990, na uchumi wake umekua. Kituo chao cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kilizimwa mwaka 2024. Sehemu ya upungufu huo ni viwanda vilivyohamia ng'ambo, moshi wake ukahesabiwa kwa wengine. Ukiurudisha moshi huo kwenye hesabu yao, bado wamepunguza, ila si kwa kiasi kile. Basi yawezekana. Lakini muulize kijana: iliwezekanaje? Makaa yalitozwa kodi na kuwekewa sheria, na gesi na upepo vilikuwa tayari kushika nafasi yake. Ubora wa mashine peke yake haukuyaondoa.

Ya nyumbani nayajua zaidi. Ingia nyumba ya mawe ya zamani hapa Lamu, utazame juu. Boriti za mikoko zimelazwa ukuta hadi ukuta, na chumba ni chembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Wenye nyumba hawakuweza kukipanua. Walichoongeza ni kazi ya mkono: zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na nakshi za mlango ambazo fundi alikaa nazo siku nyingi akichonga ua moja baada ya jingine kwenye ubao ule ule. Thamani ilipanda, mti haukuongezeka. Hapo namuunga mkono kijana wako kwa moyo wote.

Lakini biashara ya boriti yenyewe haikujizuia. Majahazi yalizipeleka Uarabuni kwa makorja, karne na karne, na kilichozisimamisha kutoka Kenya ni marufuku ya serikali ya mwaka 1982. Simwambii mtu kwamba marufuku ni jambo jepesi. Mwaka 2018 ukataji uliposimamishwa nchini, wakataji wa mikoko wa visiwani hapa walikaa bila riziki, watu wenye watoto na madeni dukani. Anayefunga msitu bila kumfikiria mkataji amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Huko kwenu nusu ya pili imeonekana. Wakulima wamepanda mivinje mashambani, na nguzo zake zinajengea mahali palipokuwa pakitakiwa mikoko. Na Gede, tangu 1993, wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Pesa hiyo inaingia kwa sababu msitu umesimama.

Wewe sasa, kila mwisho wa mwezi andika kwenye daftari mambo mawili: mbao ulizonunua, na faida uliyopata. Faida ikipanda na mbao zisipande, kijana ana haki katika karakana yako. Njia ninayoiona ni milango michache yenye nakshi, na mwarobaini kila unapofaa, maana tunao tele Pwani na wadudu hawaupendi. Kijana naye akusaidie kutafuta wateja wa kazi hiyo, asiishie kuhubiri mezani.

SWALI: Hoteli ninayofanyia kazi imeweka mifereji ya kubana maji. Meneja asema sasa tunaweza kuongeza vyumba bila madhara. Ni kweli?
Mhudumu wa hoteli, Shela

JIBU: Mwanangu, usiulize maji ya mgeni mmoja. Uliza maji yote ya mwezi, vyumba vipya vikishajaa. Maji matamu ya mji wa Lamu yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela: mvua huzama mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi. Ukivuta kuliko mvua inavyorudisha, ya chumvi hupanda kisimani, na yakishapanda hayashuki upesi. Wanaokunywa kisima hicho si wageni peke yao, ni mji mzima. Meneja akikuonyesha kwamba jumla ya mwezi haitazidi ya sasa, jengeni. Ikiwa hana hesabu hiyo, ifanywe kabla msingi haujachimbwa.