Vita Vikianza Mbali: Jinsi ya Kujipanga Kabla Bei Hazijafika Dukani

Kila vita vinapolipuka katika nchi inayochimba mafuta, au karibu na mlango wa bahari ambamo meli za mafuta hupita, watu huanza kuulizana siku ileile kama nauli itapanda, kama mafuta ya kula yataadimika, na kama ni busara kununua kila kitu sasa hivi. Ninaendesha duka la jumla mjini Makambako, kwenye njia panda ya barabara ya Dar es Salaam na ile ya Songea, na nimeishuhudia mishtuko kadhaa ya namna hiyo ikipita juu ya rafu zangu. Jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba na kila mfanyabiashara mdogo alifahamu ni kwamba mshtuko huo haufiki wote kwa pamoja. Una mpangilio wake, na kati ya siku habari inaposikika redioni na siku bei inapobadilika kuna wiki kadhaa, na kwa baadhi ya bidhaa kuna miezi. Muda huo ndio nafasi ya kujipanga, na inasikitisha kuona wengi wakiumaliza kwa hofu wakati wangeweza kuutumia kwa hesabu.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa mengine mengi hufuata nyuma yake. Petroli, dizeli na mafuta ya taa tunayotumia Tanzania huagizwa yakiwa yameshasafishwa, kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja, na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Sehemu kubwa hutoka nchi za Ghuba na India. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo zinazoanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo hukokotolewa kwa kuangalia soko la dunia la wiki zilizotangulia, wakati shehena inayouzwa sasa ilipokuwa inanunuliwa. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, mafuta ghafi ya Brent, ambayo bei yake hutumika kama kipimo cha soko la dunia, yalivuka dola 130 kwa pipa kwa muda mfupi mwanzoni mwa Machi, lakini lita ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 mwezi Mei. Ilifika 3,410 mwezi Agosti, ingawa Serikali ilikuwa imekwisha kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni, na kilele hicho kilikuja wakati soko la dunia lilikuwa limeshaanza kushuka. Mwezi Septemba bei ikarudi chini ya 3,000. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akifuatilia mwenendo huo aliweza kuona mwezi Julai kwamba Agosti itakuwa ngumu na kwamba nafuu iko karibu, na kama alikuwa na mzigo usio wa haraka, alikuwa na sababu nzuri ya kuusubirisha.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni kuacha kufuatilia kila mlipuko unaoonyeshwa kwenye simu na kufuatilia namba tatu tu: bei ya Brent, thamani ya dola inayotangazwa na Benki Kuu, na bei kikomo ya EWURA ya wilaya yako, ambayo hupatikana hata kwenye simu ya kitochi kwa kupiga *152*00#. Nasema ya wilaya yako kwa sababu gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini huongezwa kulingana na umbali, na tofauti kati ya Dar es Salaam na Kyerwa mkoani Kagera huweza kuzidi shilingi 200 kwa lita moja.

Katika vita vya Ghuba, swali la maana ni kama meli zinapita au hazipiti. Mwezi Juni 2025, Israel na Iran zilipopigana kuanzia tarehe 13 hadi 24, palikuwa na hofu kubwa kwamba mlango wa bahari wa Hormuz utafungwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kiasi kinachokaribia moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita hapo. Hata hivyo meli ziliendelea kupita, na bei iliyopanda ikashuka mara baada ya mapigano kusitishwa. Aliyekopa fedha wiki ile ili kujaza ghala alibaki na riba. Bahari ya Shamu ni habari nyingine. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kuzishambulia meli huko mwishoni mwa mwaka 2023, kampuni nyingi za meli zilihamia njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa siku nyingi na gharama ya makontena ikapanda. Lakini mafuta yatokayo Ghuba kuja Dar es Salaam hayapiti Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Zinazopita huko ni bidhaa za Ulaya, na ngano ya Bahari Nyeusi. Ni vyema mtu aitazame ramani kabla hajakubali kwamba kila bei iliyopanda mtaani imeletwa na vita vya mahali fulani.

Baada ya mafuta hufuata nauli, na hapa ndipo nimeona familia nyingi zikiumia bila kujua, kwa sababu nauli hupanda haraka na haishuki. Nauli ya daladala kwa njia isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500 mwezi Mei 2022. Petroli ikashuka, nauli ikabaki. Na ilipofika Desemba 2023 ikawa 600. Mwananchi mmoja hawezi kujadiliana na daladala, lakini anaweza kuhesabu nauli kama gharama ya kudumu pindi tu ipandapo, na kupunguza safari mapema, kwa mfano kwa kununua mahitaji ya wiki nzima kwa safari moja.

Mfanyabiashara ana uwezo zaidi, na nitakaa kidogo kwenye jambo hili kwa kuwa ndilo lililonisaidia kuliko yote. Bidhaa zangu husafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam, na malori yanayozileta hurudi na mahindi na viazi mviringo vya Njombe. Zamani tulikuwa tukipatana nauli ya tani kwa mdomo, na kila dizeli ilipopanda tulianza ubishi upya, kila upande ukiamini unaonewa. Sasa tunaandika kwenye karatasi bei ya dizeli ya siku ya makubaliano, na sehemu ya gharama ya safari ambayo ni mafuta. Tuseme tumekubaliana kwamba dizeli ni asilimia 40 ya gharama: basi dizeli ikipanda kwa asilimia 10, nauli hupanda kwa asilimia 4, na ikishuka kwa kiasi hichohicho nauli hushuka kwa asilimia 4. Mwenye lori hapati hasara, na mimi sibebeshwi ongezeko la asilimia 10 kwa gharama ambayo haikupanda yote. Sharti ni moja, kwamba makubaliano yahesabu kupanda na kushuka pia. Wamiliki wengi hukubali, kwa sababu hata wao wanahitaji mteja asiyewakimbia mwezi mgumu unapofika. Vikundi vya wakulima wanaokodi Fuso kupeleka mazao sokoni wanaweza kufanya vivyo hivyo bila mwanasheria yeyote.

Vyakula havifuati mpangilio mmoja. Mafuta ya kula yalipanda mapema mwaka 2022, hata kabla ya petroli kufika kileleni, kwa sababu Ukraine ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, na wanunuzi wake walipokosa bidhaa waligeukia mawese. Indonesia nayo ikazuia mawese yake kuuzwa nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Sabuni ilifuata, kwa kuwa hutengenezwa kwa mawese. Unga wa ngano ulipanda, na kina mama wanaouza maandazi hapa mjini walibakiza bei ileile wakapunguza ukubwa, jambo ambalo wateja wao walilielewa bila kuelezwa. Kinachofaa kufanywa katika bidhaa hizi ni kuwa na mbadala wa ndani uliokwisha kuujaribu: alizeti ya Singida na Dodoma inunuliwe msimu wa mavuno, na kifungua kinywa kisitegemee mkate peke yake wakati viazi, mihogo na magimbi vipo.

Mahindi, mchele na maharage ni jambo tofauti, na hapa naomba tuwe wakweli. Vyakula hivyo vilipanda sana mwaka 2022, na wauzaji wengi walisema ni vita, ilhali mvua zilikuwa haba katika maeneo mengi na wanunuzi kutoka nchi jirani walikuwa wakitafuta nafaka kwetu. Nchi inayolima chakula chake ina kinga ambayo haionekani mpaka siku ya shida: mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2022 ulikuwa wastani wa asilimia 4.3, wakati Kenya, inayoagiza chakula kingi zaidi, ilifika asilimia 9.6 mwezi Oktoba mwaka huohuo. Kinga hiyo inafanya kazi nyumbani pia. Anayenunua gunia la mahindi baada ya mavuno na kulihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, badala ya kununua kilo mbilimbili mwezi Februari, amejiondoa katika sehemu kubwa ya wasiwasi huu, na wenye kipato kidogo wanaweza kuanza na debe moja.

Yapo mambo mawili ambayo watu huyasahau kwa sababu hayaji na kelele. La kwanza ni dola. Mfumuko wa bei ulipoikumba Marekani, benki kuu ya huko ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, na fedha zikakimbilia huko. Mwaka huo wa 2023 dola ikawa adimu kwetu, na shilingi ikashuka kutoka takriban 2,300 kwa dola hadi karibu na 2,500. Ndiyo maana petroli ilivuka tena shilingi 3,200 mwaka huo wakati Brent ilikuwa chini ya dola 100. Unapopanga kununua kitu kinachoagizwa kutoka nje, kama vipuri, bati au pikipiki, itazame dola kwa makini kuliko unavyoitazama vita yenyewe.

La pili ni mbolea, na kwetu Nyanda za Juu Kusini hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo gesi ikipanda Ulaya na kwingineko, urea hupanda. Na Urusi na Belarus ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Vita vilianza Februari 2022, lakini mkulima wa hapa hununua mbolea ya kupandia karibu na mvua za Novemba, na mahindi yake huingia ghalani katikati ya mwaka unaofuata. Mtu aliyepunguza mbolea kwa sababu ya bei ya 2022 alikula matokeo yake mwaka 2023, wakati redio zilikuwa zimekwisha kuhamia habari nyingine. Serikali ilianzisha ruzuku Agosti 2022, na mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umevuka shilingi 100,000, ukauzwa kwa 70,000 kwa wakulima waliosajiliwa. Wasiosajiliwa walikuja dukani wakiwa na fedha mkononi na wakarudi bila nafuu hiyo. Namsihi kila mkulima ahakiki taarifa zake kwenye daftari la wakulima la kijiji wakati wa kiangazi, kabla ya foleni. Anunue ya kupandia kwanza, kwa kuwa hiyo haisubiri. Na asidharau samadi wala mbolea ya Minjingu, inayotokana na fosfati ya mkoani Manyara.

Kuhusu jikoni, nitasema kwa ufupi. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje na hufuata soko la dunia, lakini umeme wetu hutokana kwa sehemu kubwa na gesi ya Songosongo na Mtwara, na sasa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 katika Mto Rufiji. Nyumba yenye umeme ikiwa na jiko la presha la umeme kwa ajili ya maharage na makande, na mtungi kwa mapishi ya haraka, haitayumba sana mtungi ukipanda. Mafuta ya petroli yasihifadhiwe nyumbani kwenye madumu kwa sababu yoyote; moto hauna simile.

Wenye maduka wenzangu wahesabu bei ya kununulia tena, yaani kiasi watakachohitaji kurudisha mzigo uleule, kila tangazo la EWURA linapotoka. Ukiuza katoni kumi za sabuni kwa bei ya zamani na fedha hizo zikanunua katoni nane, mtaji umepungua ingawa daftari linaonyesha faida. Katika miezi ya namna hiyo mimi hufupisha muda wa kukopesha kutoka mwezi mmoja hadi wiki moja, na huwaambia wateja mapema, kabla bei hazijabadilika, ili kila mmoja aamue anachohitaji kwa kweli. Mkopo wa benki kwa ajili ya kujaza ghala siuchukui mpaka nione matangazo mawili mfululizo yakielekea upande mmoja.