Marafiki Saba kwa Siku Tatu: Usifanye Nilivyofanya Mimi

Wiki iliyopita nilirudi kutoka mjini, safari ya siku nne, na kila aliyeniona ameniambia nimenawiri. Jua lilituwakia tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, niliona marafiki watatu tu, na sikumbuki kutazama saa kwa hofu hata mara moja. Nikatuma picha moja, ya viatu vyangu kwenye kizingiti cha mlango wa mtu, basi. Msomaji mmoja akaniandikia: "Unawezaje? Mimi nikienda kutembelea watu narudi hoi kuliko nilivyoondoka."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo anayeuliza ni mimi wa miaka miwili iliyopita.

Ilikuwa mji huo huo na jua hilo hilo. Nilikuwa na siku tatu na majina saba kwenye daftari, nimeyapanga kama zahanati inavyopanga wagonjwa: asubuhi mmoja, mchana wawili, jioni mmoja. Nikajiona hodari kweli. Sikuhesabu foleni za barabarani. Sikuhesabu pia kwamba mtu aliyefagia nyumba kwa ajili yako hakuachii uondoke baada ya nusu saa. Kwa wa kwanza nilichelewa kutoka, kwa wa pili nikachelewa kufika, na kwa wa tatu niliingia saa saba na nusu mchana, shingo imebabuka, kichwa kinagonga, nikaomba maji na mahali pa kujilaza. Maskini, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili tuzungumze. Nililala kwenye kochi lake saa nzima, nikaamka, nikaaga.

Lakini ni wa tano ndiye anayeniuma mpaka leo. Tulilala chumba kimoja bwenini miaka minne. Ananijua nilipokuwa sina kitu, na ndiye aliyenitetea siku ambayo wengine wote walitazama pembeni. Nilimpa dakika arobaini. Ndani ya dakika hizo simu yangu iliita mara tatu: wa sita akiuliza nimefika wapi. Mwenyeji wangu hakusema neno. Alinisindikiza mpaka barabarani, akapunga mkono. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe wake: "Nilidhani umekuja kuniona. Kumbe ulikuja kunipiga tiki."

Nakiri nilikasirika. Nauli nimelipa mimi, jua limenichoma mimi, halafu shukrani yenyewe ndiyo hiyo? Nikamjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Na tangu siku hiyo tumekuwa watu wa kutakiana heri ya sikukuu tu.

Muda mrefu baadaye nilikutana na utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, uliotoka mwaka 2018. Alikadiria kwamba watu wanaofahamiana juu juu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili wafike kwenye urafiki wa kawaida, kama saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya 200 ndipo washibane. Mimi na yule wa bwenini tulizivuka 200 kabla muhula wa kwanza haujaisha. Nami nikaenda kumkagua kwa dakika arobaini.

Basi safari hii nilikata majina. Watatu kwa siku nne, na hakuna siku yenye wawili. Ukiuliza siri yangu ni ipi, ndiyo hiyo: kata majina. Ukishakata, yatazame tena, ukate lingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililiomba siku ya kwanza. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kiti cha kupeleka kwa fundi, tukakipeleka pamoja, tukakaa benchi la fundi chini ya mti karibu saa mbili tukimsubiri agundishe mguu. Pale ndipo aliponieleza habari za ndoa yake, mambo ambayo asingeyasema sebuleni tumekaa tunatazamana. Mwingine tulikwenda kumchukua mwanawe shuleni. Vivutio vya mji sikuviona hata kimoja, na wala sivijutii. Mtu mwenye kazi za nyumbani usimtoe kwenda kutalii. Ingia kwenye siku yake kama ilivyo, ushike upande wa pili wa kiti.

Kuhusu jua sina mengi, ila safari hii sikulifanyia ujeuri. Matembezi yalikuwa ya asubuhi na ya jioni. Nani anahitaji kipimo? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua liko juu na mionzi yake ni mikali. Huo ni wakati wa kukaa ndani na kupiga soga. Losheni ya kukinga jua hupakwa tena kila baada ya saa mbili, si mara moja asubuhi ukajisahau. Na ukilala ghorofani usishangae joto la usiku: zege na lami hunyonya joto mchana kutwa, kisha hulitoa giza likiingia. Fungua dirisha, endeleeni kuzungumza.

Sasa ninyi wenzangu mnaojisifu kwamba mlipita kusalimia watu kumi kwa wikendi moja, hebu waulizeni hao kumi. Mtu si kituo cha basi. Ukiwa huna muda naye, mwambie ukweli kwamba safari hii hutafika kwake; atanuna kidogo, yataisha. Wawili walininunia safari hii, na mmoja tayari amepiga simu kunitania. Kuliko umpe dakika arobaini, ni afadhali usiende kabisa. Kata majina, nimesema.

Yule wa bwenini hakuwa miongoni mwa wale watatu. Nilipita mtaa wa jirani na kwake nikashindwa kugonga. Jana usiku nimemwandikia kwamba narudi mwezi ujao kwa siku mbili, na zote ni zake akizitaka. Mpaka naandika hapa ujumbe umesomwa, nami naangalia tiki zake mbili.